Wazazi wanataka daftari, mimi nina magunzi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Kilosa. Nina watoto 94. Sijakosea kuandika, ni tisini na nne, na mwalimu ni mimi peke yangu. Chumba ni kimoja, madawati hakuna, tunakalia mikeka miwili na vipande vya turubai.

Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya siku tano. Tulifundishwa mbinu shirikishi: kona za ujifunzaji, michezo, nyimbo, zana za kuokoteza. Nikarudi na moto. Jumamosi na Jumapili nilikusanya maboksi, magunzi, vizibo vya soda, maharage na makopo, nikatengeneza kona 6: ya lugha, ya hisabati, ya sayansi, ya nyumbani, ya duka na ya sanaa. Jumatatu nikazifungua zote.

Siku ile sitaisahau. Haikupita nusu saa, duka lilikuwa limeporwa, kona ya nyumbani wanagombania sufuria, na mtoto mmoja amejiingiza harage puani. Tulikimbia naye zahanati, likatolewa. Kesho yake mama yake alikuja akaniambia mbele ya walimu wenzangu, "Mimi nimemleta mwanangu asome. Kupikapika hata nyumbani anacheza."

Ng'ambo ya barabara kuna shule ya binafsi. Watoto wa pale wana madaftari manne kila mmoja na jioni wanarudi na tiki nyekundu. Wazazi wangu wanalinganisha. Mwalimu mkuu ameniambia kwa upole kwamba kamati ya shule inauliza, niwe na japo daftari la kuandika na la hesabu, nitoe maksi. Kwa hiyo nimerudi ubaoni. Naandika a, e, i, o, u, wanaitikia, wanaoweza kunakili wananakili. Darasa limetulia, lakini moyoni najiona naigiza.

Na kuna lingine, naomba usinicheke. Mwanangu wa kwanza ana miaka 5, na anasoma kule ng'ambo ya barabara. Nimejibana nikalipa ada. Anaandika 1 mpaka 50 bila kukosea, mwandiko safi, ingawa juzi nilimtuma vijiko vitatu jikoni akaniletea vyote.

Je, nilichokuwa nafanya kilikuwa kupoteza muda wa watoto wa watu? Au nikaze buti? Na nikikaza, kwa watoto 94, naanzia wapi?

*Mwalimu wa Awali, Kilosa*

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye vijiko. Umevipita mbio kama mtu anayeruka dimbwi, wakati nusu ya jibu lako iko humo. Mtoto anayeandika mpaka 50 bila kukosea, halafu akitumwa vijiko vitatu analeta kapu zima, amejifunza kuchora tarakimu. Tatu yenyewe, ile ya kushikika, bado hawajaonana. Kwake 3 ni alama inayokuja baada ya 2, kama neno la wimbo linavyokuja baada ya lenzake. Si mzito wa akili hata kidogo. Hajapata tu mtu wa kumwekea vitu mkononi na kumwambia, "Nipe vitatu, wewe baki na vilivyobaki." Mambo ya vijiko tutayarudia.

Tuanze na harage, maana hilo lingeweza kuwa baya zaidi. Zahanati ulikwenda vizuri. Harage likishaingia puani linalowa, linavimba, na ukilichokonoa kwa kijiti au pini ya nywele unalisukuma ndani. Lakini kuweka bakuli la maharage mbele ya watoto wa miaka 4 bila jicho la mtu mzima kulikuwa kosa, na kosa hilo naligawa sawa kati yako na waliokufundisha. Semina hufanywa na watu wazima thelathini waliokaa mezani, na mtu mzima hajiingizi harage puani. Kwa hiyo chukua lile gamba la katikati la karatasi ya chooni: chochote kinachozama chote humo kiondoke kwenye kona zako. Vizibo vya soda navyo vinazama, na kingo zake zinakata. Baki na magunzi, kokwa za maembe zilizokauka, vifuniko vya madumu ya lita 20, na vijiti vilivyokatwa urefu wa kiganja. Kilosa mahindi hayakosekani, kwa hiyo una ghala la zana usilolipia.

Kosa la pili ni kufungua kona 6 siku moja. Mama, hata mfanyabiashara mzoefu hafungui genge, saluni na mashine ya kusaga asubuhi moja huku mhudumu ni yeye mwenyewe. Watoto hawakupora duka kwa utundu. Waliona vitu vipya 200 na hakuna aliyewaonyesha namna ya kuvichukua wala mahali pa kuvirudisha.

Sitaki udhani kwamba 94 ni kitu cha kawaida. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, maana yake darasa lako ni la walimu wanne. Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya awali kuwa ya lazima, ada ikafutwa, na kati ya 2015 na 2016 watoto wa awali nchini wakapanda kutoka milioni 1 na kidogo hadi zaidi ya milioni 1.5 ndani ya mwaka mmoja. Vyumba na walimu havikupanda hivyo. Liandike hilo kwa mwalimu mkuu, kwa karatasi na tarehe, uombe msaidizi. Vijiji vingine wazazi wamekubaliana kwenye mkutano kumlipa posho binti aliyemaliza kidato cha nne akakaa na watoto asubuhi. Ila usisubiri ujibiwe ndipo uanze.

Namna ya kuanza ni hii. Wiki mbili za kwanza usifungue kona yoyote. Fundisha kuchukua na kurudisha, basi. Gunzi moja mkononi mwa kila mtoto, wimbo mmoja wa kuchukua, mwingine wa kurudisha kapuni. Utajisikia mjinga, siku kumi unaimba gunzi. Vumilia. Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyegeukia elimu ya watoto wadogo, alipofungua nyumba yake ya watoto Roma, mtaa wa San Lorenzo, tarehe 6 Januari 1907, alikuwa na watoto zaidi ya 50 wa familia maskini, na aliyeshinda nao hakuwa na cheti cha ualimu. Kazi nzito pale ilifanywa na mpangilio: kila kitu na mahali pake, mtoto anachukua mwenyewe, anarudisha mwenyewe. Watu wanamkumbuka kwa vifaa vyake vya mbao vinavyouzwa ghali. Mimi namkumbuka kwa rafu za kupangia vitu.

Baada ya hapo gawa makundi manne, mawili ya watoto 24 na mawili ya 23, yape majina ya wanyama na yasibadilike. Kundi moja linakaa mkekani na wewe. La pili liko kwenye magunzi, la tatu kwenye udongo wa kufinyanga, la nne kwenye nyungo zenye mchanga mkavu wa kuandikia kwa kidole. Dakika 20, wimbo, wanahama. Zungusha mara mbili kwa siku, si mara nne, ili kila mtoto akufikie kila baada ya siku mbili. Na shika sheria hii kuliko zote: jambo jipya linafundishwa mkekani kwako tu. Kwenye kona zingine watoto wanafanya walichokwisha kukijua. Walimu wengi wanashindwa hapa, wanaacha kitu kipya kona ya mbali halafu wanashinda wakikimbizana nacho.

Sasa kuhusu yule mama. Alikuwa na nusu ya haki. Mchezo ambao mwalimu hajui anatafuta nini ndani yake ni mapumziko, na mapumziko ni mazuri, lakini tusiyaite somo. Chukua kona yako ya duka. Kama umeweka makopo ukaondoka, watoto watacheza alivyosema mama. Lakini ukikaa dakika tano uwe mteja, mambo yanabadilika:

"Shikamoo muuzaji. Nataka sabuni mbili na chumvi moja."

Anakupa tatu za sabuni.

"Hizi zinanitosha?"

"Zinatosha."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo ananyamaza, anaangalia mkono wako, anahesabu, anachukua moja. "Umejuaje?" ndilo swali langu la miaka yote. Lile la "Hii ni rangi gani?" lina jibu moja, na darasa zima hulipiga kelele pamoja, usijue nani anajua na nani anafuata mkumbo.

Usidhani pia mbinu hizi zimeshushwa na ndege. Umewahi kutazama mdako vizuri? Mtoto anarusha jiwe juu, anatoa mawe shimoni, anarudisha mengine na kubakiza moja moja. Raundi ya pili anabakiza mawili mawili, ya tatu matatu matatu. Hiyo ni hesabu ya mafungu, na anaifanya kabla jiwe halijatua. Watoto wako bado wadogo kwa kurusha, basi watumie vifuniko vya madumu vilivyolazwa chini, wabakize mawili mawili kwa utulivu. Na Pwani huko, wazazi wa Mombasa walipoanzishiwa shule za awali za madrasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, zana zilitengenezwa kwa vitu vya mazingira yao wenyewe, na watoto wakaendelea na Kurani yao palepale. Mpango ule ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993. Kilichowafanya wazazi waukubali, kwa maoni yangu, ni kwamba walikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kuandika. Hapa najua ndipo roho yako ilipo, kwa sababu ndipo wanapokubana. Kifundo cha mkono wa mtu kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa bado ni gegedu laini, inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huchelewa mpaka mtoto yuko madarasa ya katikati ya shule ya msingi. Mkono wa namna hiyo ukiulazimisha penseli saa nzima, unaishika kama mchi, anachoka, anachukia. Mpe udongo, asuke majani ya mgomba, akamue kitambaa chenye maji, achambue mchele wewe ukiwa jirani. Hiyo ni kuandika kabla ya kuandika. Herufi zenyewe zikate kwenye maboksi, pakaza uji mzito wa unga wa muhogo, nyunyiza mchanga, ukikauka apitishe kidole huku anatamka sauti. Sauti, si jina la herufi. Mtoto aliyekaririshwa "em" na "a" hatapata "ma" hata mkikesha.

Kiswahili chetu kimetupa zawadi ambayo Waingereza hawana: silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, na neno linasomwa lilivyoandikwa. Itumie bila zana hata moja. Kila asubuhi, badala ya kuita majina 94 kwa daftari, kila kundi lipige makofi majina yake. Ha-li-ma, makofi matatu. Ju-ma, mawili. Nani ana jina la makofi manne? Asimame. Nani jina lake linaanza kama la Halima? Utashangaa wiki ya tatu wanapoanza kupiga makofi ya majina ya mbuzi wao. Vitendawili navyo usiviache. Mtoto anayetegua "nyumba yangu haina mlango" akafika kwenye yai, amefikiri kuliko aliyenakili mistari kumi.

Kwa mwalimu mkuu, usiende na maneno ya semina. Nenda na kitabu. Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016 ulisimama juu ya umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati. Ule ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, nao unapima anachoweza kufanya mtoto. Mwambie, "Mkuu, daftari nitaliweka, lakini naomba niliweke kwa namna yangu." Daftari lisilo na mistari, moja tu kwa kila mtoto. Ijumaa anachora, wewe unaandika tarehe na sentensi moja aliyoisema kuhusu picha yake. Kwa watoto 94 hutaweza Ijumaa moja. Chukua kundi moja kila Ijumaa, kwa mwezi wote wamepita. Januari atachora mtu ambaye ni kichwa chenye miguu. Juni mtu huyohuyo ana shingo, ana vidole, pengine ana viatu. Maksi hazihitajiki, mzazi atafunua kurasa ataona mwenyewe. Na kila asubuhi mtoto atafute kadi ya jina lake aitundike. Kufikia muhula wa pili wengi watakuwa wanajaribu kuliandika bila kuambiwa, na hilo ndilo litakalofika nyumbani kwanza.

Usiwadharau wazazi wanaotaka daftari. Tiki nyekundu ndiyo ushahidi pekee ambao shule imewahi kuwapa, tangu wao wenyewe wakiwa watoto. Usiwahutubie. Waite asubuhi moja, kabla ya msimu wa palizi, wakalie mikeka. Andika ubaoni alama kumi zisizo na maana yoyote, umezitunga mwenyewe usiku. Wape penseli na karatasi, wanakili dakika tano. Pita ukiweka tiki, "Hongera baba Asha, mwandiko mzuri." Kisha waambie, "Haya, sasa someni." Uzuri wa alama za kutunga ni kwamba asiyejua kusoma na mwenye diploma wote wanakwama palepale, hakuna anayeaibika peke yake. Wakishacheka, mwite mtoto mmoja, umtume magunzi matano. Usimwandae. Kama amepita kwenye kona zako miezi miwili, ataleta matano.

Sasa tumebaki mimi na wewe na mwanao. Sikucheki. Umefanya alichofanya kila mzazi wa kijiji chako mwenye uwezo, na nina hakika wote wanajua, yule mama wa harage akiwa wa kwanza. Walimu wengi wana siri hiyo na wanadhani ni siri. Ada umelipa, sitakuamulia umrudishe au umwache. Lakini nadhani hukuniandikia kwa sababu ya kamati. Umeniandikia kwa sababu hujaamini bado, na mwalimu asiyeamini watoto wanamjua, wazazi wanamjua zaidi.

Kwa hiyo anzia nyumbani. Leo jioni mwambie apange sahani: ya baba, ya mama, yake, ya bibi kama yupo. Kila sahani aiwekee kijiko. Usitaje namba yoyote. Akimaliza ndipo umuulize vijiko vingapi, na akijibu, umuulize amejuaje. Fanya hivyo wiki nzima, siku nyingine mgeni aongezeke, siku nyingine baba amesafiri. Jumatatu ya pili mtume vitatu, wewe ukiwa umegeuka unakoroga mboga, asikusome usoni.

Kisha ndipo uitishe wazazi. Yule mama mwalike wa kwanza, umkalishe jirani na mwanawe, na maharage yabaki nyumbani.